Jina Alilolitaja Koko Wodini

Nilipokuwa mtoto, kisiwani Nosy Be, katika nchi ya Wamalagasi, nilikuwa na majina matatu, na moja kati ya hayo sikulijua. Nyumbani Dzamandzar, katika nyumba za mbao nyuma ya kiwanda cha sukari, waliniita Voalavo, yaani panya. Shuleni, kwa mwalimu Mfaransa aliyetaka kila mtoto asimame na kujitaja, nilikuwa Saidi, na hilo ndilo lililoingia katika karatasi za serikali na ndilo ninaloandikiwa hadi leo. La tatu ni lile nililonong'onezwa sikioni nilipozaliwa. Hilo alilijua babu, aliyelitoa, na baba, na bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Koko, kama watu wa asili ya Komoro waitavyo bibi zao. Babu alifariki kabla sijajua kutembea. Baba alifariki nikiwa bado shuleni. Akabaki Koko peke yake na jina langu.

Sababu ya kulificha haikuwa siri. Walionitangulia kuzaliwa hawakuishi. Walipewa majina mazuri, wakaitwa uani mchana kweupe, wakaondoka wakiwa bado wananyonya. Mimi nilipokuja, Koko alinifunika kwa kitambaa kibovu akawaambia majirani kwamba nyumba yetu imepata panya. Nani atatoka mbali kuja kuchukua panya? Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa hivyo hivyo. Dzamandzar nzima ilimwita Koko Jaa, yaani bibi wa pale zinapotupwa taka, naye aliitika bila kuona haya.

Siku moja, akichambua mchele, nilimwuliza.

"Koko, jina langu nani?"

"Voalavo."

"La kweli."

"Usilolijua huwezi kuliitika," alisema, akaendelea kutoa mawe.

Kuitika ndiko alikokuogopa. Kwa maelezo yake, kuna kitu kinachopita penye wagonjwa. Hakijui sura za watu. Kinajifunza majina kama ajifunzavyo mgeni yeyote, kwa kusikiliza wenyeji wakiitana. Kikishalisikia jina la mgonjwa hulirudia kwa sauti ya mtu anayempenda, na mgonjwa, kwa kuwa amechoka na amefurahi kuitwa, huitika. Koko hakukipa kitu hicho jina. Alisema tu "kile", akigeuza uso kidogo kuelekea mlangoni. Na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Kile kikishakuja kwa jina, hakirudi mikono mitupu."

Nilikuwa na rafiki, Hamada wa Madi. Nyumbani kwao walimwita Mbovu, kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi kuwa panya. Mwaka mmoja lilikuja gari la wapiga chanjo, watoto wote tukapangwa uwanjani, moshi wa kiwanda ukitupitia juu. Mama yake Hamada alikuwa amevaa vizuri siku hiyo. Mbele ya yule mwandishi aliyevaa kofia nyeupe aliona haya kusema Mbovu, akalitoa jina zima. Basi mwandishi akaita kwa sauti iliyofika hadi kwenye reli ya miwa: "Hamada wa Madi!" Naye Hamada, aliyeamka na homa asubuhi ile na aliyekuwa amekaa chini muda wote, akasimama wima kama tulivyofundishwa shuleni, akajibu, "Prezan!" yaani nipo. Tulicheka sana.

Nilipoitwa mimi, niliitwa Saidi. Koko hakujali. "Hilo ni la Wafaransa," alisema. "Wakilitaka, walichukue."

Hamada alizikwa kabla ya Ijumaa. Leo najua kwamba homa ile ilikuwa mwilini mwake tangu kabla ya gari kuja, na kwamba sindano haikuwa na kosa. Lakini pale makaburini nilikuwa mtoto, na Koko aliinama sikioni kwangu akaniuliza swali moja tu: "Umemsikia alivyoitika?"

Nilikuwa nimemsikia. Namsikia bado.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikahamishiwa Mahajanga, nikaoa mwanamke anayeitwa Zaituni, tukapanga nyumba mtaa wa Tanambao. Koko nilimleta kutoka Nosy Be alipokuwa hawezi tena kuteka maji. Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini. Watu wengi wa asili yetu walikuwa wameondoka Mahajanga baada ya mauaji ya watu wetu ambayo sitayaeleza hapa. Sisi tuliobaki tulizungumza Kimalagasi barabarani na Kifaransa kazini, na maneno ya wazee tuliyaacha ndani ya nyumba. Hata Kiswahili hiki nilichokipata kwa mwalimu wangu wa chuoni nilikuwa nakisoma tu, sikitamki. Kwa hiyo Koko aliposema kwamba mji ule si mahali pa kutaja majina ovyo, hakuna aliyembishia.

Binti yetu alipozaliwa, Koko alimwita Fako, takataka. Mimi nilimwandikisha Zainaba. Tulikubaliana bila kuzungumza: jina la Koko lilitumika nyumbani, langu lilikaa kabatini.

Fako alikuwa bado hajaanza shule alipopata homa ya masika. Mwanzoni ilikuwa ya kuja na kuondoka. Kisha ikaja degedege, na baada ya degedege ule weupe. Sijui kuueleza vizuri. Nilimgeuza kiganja, nikaona hakina rangi, kama karatasi iliyolowa maji. Ndani ya kope vilevile. Nikamwambia Zaituni afunge nguo.

Koko alikuwa amekaa kizingitini.

"Mnampeleka wapi?"

"Hospitali kubwa, Koko."

"Kule wanaita majina."

"Kule wana damu."

"Na wakikosea? Wale ni watoto wanaojifunza. Wanajifunzia kwa nani? Kwa wetu."

Mtaani wengi walisema hivyo. Hospitali ile ilikuwa ya mkoa mzima na wakati huohuo shule ya madaktari. Haikuwekwa ili mtu apate faida. Walipokelewa waliofika kwa gari na waliofika wamebebwa mgongoni, na msimu wa homa hakuna aliyerudishwa kwa kukosa nafasi. Palipokosekana kitanda, walilala wawili wawili. Wanafunzi wake walivuka maji kwenda vijijini kupima wajawazito na kuchanja watoto. Lakini pia ni kweli kwamba walikuwa vijana, walitembea kundi moja wamevaa makoti meupe, na waliuliza maswali ambayo kwa watu wetu hayaulizwi. Watoto wa Tanambao waliwakimbia wakipiga kelele kwamba wanyonya damu wanakuja.

Nilimwambia Koko abaki. Alisimama, akachukua ushungi wake, akatangulia.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dari la juu, na neno lililosemwa mwanzoni lilisikika hadi mwisho. Fako alilazwa kitanda kimoja na mvulana kutoka Boanamary, mtoto wa mkata chumvi. Baba yake alikaa sakafuni, mikono imepasuka kwa maji ya chumvi, hasemi na mtu. Asubuhi daktari mkuu wa wodi alipita na wanafunzi wake, na ndipo nilipoona desturi yao. Mwanafunzi mmoja, kijana mwembamba aliyeitwa Rado, alisimama miguuni pa kitanda, akakaza mgongo, akatangaza kama anayesoma khutba: jina la mtoto, jina la baba, kijiji, umri, ugonjwa. Jina lilipanda darini likarudi. Walisimama kwa yule mvulana muda mrefu. Kwa Fako walipita tu, maana matokeo ya vipimo vyake yalikuwa hayajaja.

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Wale vijana walipoondoka aliniangalia, nami nikajua ananiuliza lile swali la makaburini.

Mvulana wa Boanamary alifariki alasiri ya siku ile ile. Baba yake alimfunga katika shuka na kumbeba kifuani, na alipopita mbele yetu alisema jambo moja tu, kwa Kimalagasi, kama mtu anayeomba radhi: "Alikuwa anaongea asubuhi."

Sikuamini kwamba jina ndilo lililomwua. Naandika hili ili nieleweke. Lakini usiku ule niliuangalia mto wa kitanda, ulipokuwa umebonyea upande wake, na sikuweza kuusogelea.

Kesho yake upande ule alilazwa msichana mwingine, Lidia, mwenye umri wa Fako na mweupe wa kiganja vilevile. Daktari mkuu aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache kama mimi.

"Bwana mwalimu, damu yake imekwisha. Si kwamba imepungua; imekwisha. Akiongezwa leo, tutaona kesho. Asipoongezwa, sina la kukuahidi."

"Chukueni yangu."

Walipima, ikafaa. Mhudumu wa chumba cha damu aliandika jina la mtoto kwenye chupa mbele ya macho yangu, akanisomea, akanitaka nimhakikishie: Zainaba binti Saidi, kwa herufi zake zote. Nilimwambia ndiyo. "Hapa jina ndilo kila kitu," alisema, akinifunga mkono. "Damu ya mtu ikienda kwa asiye wake, inaua." Nilifikiri: laiti Koko angelisikia hili. Walinipa chai ya sukari nyingi wakanikataza kusimama. Chupa ikatangulia wodini bila mimi.

Yaliyotokea huko niliyakuta nusu. Nusu nyingine nilisimuliwa baadaye na muuguzi mwenyewe, Soazara, mwanamke Msakalava, wa kabila la wenyeji wa pale, mwenye mwili mkubwa aliyeingia zamu asubuhi ile. Zaituni alikuwa uani, penye meko ya wenye wagonjwa, akipika uji. Pembeni mwa kitanda alikuwa Koko peke yake na mama yake Lidia. Soazara alikuja na chupa, akakuta wasichana wawili wamelala kichwa kwa kichwa, wote hawasemi.

"Nani hapa Zainaba?"

Mama yake Lidia akasema wake ni Lidia. Koko akanyamaza.

"Koko, na huyu wako?"

"Fako."

"Fako? Mtoto mzuri hivi mnamwita takataka? Ana jina lingine?"

"Fako tu. Hana lingine."

"Basi damu hii si yake." Naye akageuka na chupa, akaanza kuuliza kitanda baada ya kitanda, Zainaba, Zainaba, na kila alipolitaja, Koko alijikunja kama anayepigwa.

Nilipofika mlangoni, nikiwa bado nashikilia ukuta kwa kizunguzungu, chupa ilikuwa juu ya meza mwisho wa wodi na Fako alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Zaituni alikuwa amerudi na sufuria ya uji mkononi, haelewi. Nikasema, "Ni yeye! Ni huyu! Zainaba ni huyu!"

Soazara alikuja na chupa, lakini hakuitundika.

"Wewe unasema Zainaba. Bibi amesema hana jina lingine. Nimwamini nani? Nimeshaona wawili kitanda kimoja na damu ikaenda kwa asiye wake, bwana mwalimu. Siwezi. Nyumba moja, neno moja."

"Koko," nilisema. "Mwambie."

Koko alimtazama Soazara, si mimi. "Mwanangu, wewe ni wa hapa. Unajua kwa nini simwiti."

"Najua." Sauti ya Soazara ilishuka. "Mimi mwenyewe nyumbani ni Mavi ya Mbuzi. Hadi leo mama akinituma sokoni ananiita hivyo mbele ya watu, na mimi nimevaa sare." Mama yake Lidia alicheka kwa pua, kisha akajizuia. "Mimi najua, Koko. Lakini chupa haijui."

Kutoka upande wa pili wa wodi nilisikia viatu. Daktari mkuu na wanafunzi wake walikuwa wameanza kupita. Zaituni aliweka sufuria sakafuni. "Koko," alisema, "mwanangu anakwenda."

Koko alisimama. Hakuwa mrefu, na miaka ilikuwa imempunguza zaidi, lakini alisimama kama nilivyomwona zamani akisimama mlangoni Dzamandzar kumzuia mbwa wa mtu. Aliweka kiganja juu ya kifua cha Fako akasema, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, "Huyu ni Zainaba. Zainaba binti Saidi."

Kisha, kabla Soazara hajanyanyua chupa, aligeuza uso kuelekea mlangoni, upande ule ule aliokuwa akiutazama alipokuwa akisema "kile", na akataja jina jingine. Lilikuwa jina la mwanamke, zuri, la kizamani, pamoja na jina la mama yake na la mama wa mama yake. Sikuwa nimelisikia maishani mwangu. Alilitaja taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Baada ya hapo akasema kwa lugha ya kwao, "Mimi niko hapa. Nimeitika."

Rado alisimama katikati ya wodi, karatasi mkononi. Daktari mkuu alimwashiria anyamaze. Soazara alitundika chupa. 

"Umefanya nini, Koko?" niliuliza.

"Nimewapa jina wanalotaka na kile nimekipa lile kinalolitaka," alisema, akakaa kwenye mkeka wake. "Kaa chini, Voalavo. Umekuwa mweupe kuliko mtoto."

Fako aliongezwa damu na dawa ya homa, na usiku ule aliomba maji. Siku zilizofuata alianza kugombana na Lidia juu ya mto. Koko alikaa naye kitandani alasiri nyingi, wakinong'onezana. Fako alipopewa ruhusa ya kutoka, Koko alitembea hadi nyumbani kwa miguu yake, akalala, na hakuamka tena vizuri.

Nilitaka kumrudisha hospitali. Alikataa. Rado alitumwa nyumbani kwetu Tanambao na mkuu wake. Walikuwa na desturi ya kuwafuata wagonjwa walioshindwa kufika. Watoto wa mtaa walimkimbia kama kawaida. Alimsikiliza Koko kifuani kwa muda mrefu, akaniambia nje, kwa Kifaransa, kwamba ni moyo, kwamba umechoka, kwamba kwa umri wake ni jambo la kawaida. Nilimshukuru. Alisita, akaniuliza, "Siku ile wodini, bibi alikuwa akisema na nani?" Nikamwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli.

Koko alifariki kabla mwezi haujaandama, mchana, akiwa amegeukia mlango.

Makaburini, mwenye kusoma talakini aliketi kichwani pa kaburi, kwa kuwa kwetu maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake, akumbushwe majibu ya maswali atakayoulizwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jina lake?" Wazee wote waliokuwapo walimjua kama Koko Jaa. Waliangaliana. Katika mji ule hakuna aliyebaki wa rika lake. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kama asingesimama wodini siku ile, angeitwa kaburini kwa jina la jalala. Nilimwambia msomaji lile jina, na la mama yake, kama nilivyolisikia. Akaita. Na mimi, mwalimu wa hesabu, nilitega sikio.

Jina hilo silitaji hapa. Nimetaja mengine yote kwa usahihi nilioweza.

Miaka imepita. Kiwanda cha Dzamandzar kimefungwa. Hospitali ile bado ipo, bado inafundisha, bado inawapokea wanaobebwa mgongoni, na wanafunzi wake wa sasa wanaweza kuwa wajukuu wa Rado. Wananifahamu pale, kwa sababu ya moyo wangu unaougua. Binti yangu hunisindikiza. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake, na karatasi zake zote zinasema Zainaba, ingawa mimi na mama yake tukimwita tunasema Fako.

Ninaamini nini? Ninaamini damu, na chupa iliyoandikwa vizuri. Ninaamini pia kwamba bibi yangu alikuwa mzima alipoingia wodini na kwamba alijua anachokifanya. Kwa muda mrefu nilidhani siku moja nitachagua kati ya hayo mawili. Sasa sidhani.

Jambo moja lilinichukua miaka mingi kulijua. Fako alikuwa ameshaolewa aliponiambia kile Koko alichokuwa akimnong'oneza pale kitandani. Alikuwa akimfundisha jina langu, lile la tatu, akimrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka likakaa.

"Unalikumbuka?" nilimwuliza.

"Kila herufi, baba."

"Niambie."

Alinitazama kwa macho yale yale ya Koko pale kizingitini. "Koko alisema nitalitaja mara moja tu. Kwa msomaji wa talakini, pale kaburini."

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja, msichana mwenye sauti nzuri, alitokea mlangoni akaita wagonjwa. "Saidi!" Nikaitika, maana hilo ni la Wafaransa. Kisha akatazama karatasi yake, akauliza kama nina jina lingine lolote linalonitambulisha. Nilimgeukia binti yangu, aliyekuwa ameshika mkoba wangu, nikamtazama midomo. Aliifunga, akanishika mkono, tukaingia.